Furushi

Simu ya jikoni ina waya uliosokotana
kama matumbo ya kuku.
Miaka kumi na tisa imelia saa tano usiku,
nami nikavaa buti juu ya soksi za kulalia,
nikaliamsha gari lililoganda, nikamfuata Abramu.

Mara baa. Mara mtaroni,
taa za trekta zikitazama nyota za Saskatchewan.
Mara benki, Ijumaa, sahihi yangu chini ya jina lake.
Nikauza ndama wawili. Nikauza cherehani ya mama.
Kanisani wakasema, Aganetha ana moyo wa dhahabu.
Hakuna aliyeuliza inapochimbwa,
wala shimo lina kina gani.

Halafu jiko la kanisa nalo likawa langu,
maana mwenye moyo haruhusiwi kuwa na mgongo.
Mazishi: mikate mia mbili,
ile yetu ya kubebana, bonge juu ya bonge.
Arusi: mia tatu.
"Dada, kama hutojali," husema Mchungaji Loewen,
nami nikijali, nikijali mno,
nikikanda unga macho yamefumba.
Niliuita msalaba.
Mara nyingine, nadhani, ilikuwa hofu tu
iliyojifunga kitambaa ikaenda ibadani.

Februari ile, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
misumari ukutani ikialika kama bunduki,
nilifungua Biblia mpya niliyozawadiwa.
Wagalatia, sura ya sita.
Kubebeana mizigo: hilo nimelisikia tangu tumboni.
Lakini kidole kikateleza mistari mitatu chini.
Biblia ya bibi ina neno moja pote pawili;
hii imeyatenga,
na lile la pili limekaa pembeni kama mtoto asiyealikwa:
furushi.
Kila mtu na lake.

Mzigo ni gogo lililomwangukia mwenzio,
huwezi kulikiuka ukaenda zako.
Furushi ni nguo zako, chumvi yako, aibu yako,
na fundo lake umelifunga wewe.
Miaka yote hiyo nimebeba furushi la Abramu
nikiliita mzigo,
na mgongo wake umesahau kazi ya mgongo.

Simu ikalia. Saa tano.
"Siji," nikasema.
Silabi mbili, zikatoka kama jino.

Alinitukana kwa Kijerumani chetu cha nyumbani,
lugha tuliyofundishwa kuombea chakula.
Nikampigia Wilf Peters wa karakana
akamtazame, asigande;
abebe, ndiyo, lakini asife.
Kisha nikazunguka jikoni hadi alfajiri.
Wale wanawali wenye busara nilikuwa nikiwachukia
kwa kile kibaba cha mafuta walichonyima.
Usiku ule niliziona taa zao zikitetemeka mkononi
walipowaambia wenzao, nendeni mkanunue.

Asubuhi nikaacha supu ya kabichi mlangoni pake.
Pesa sikuacha.
Jumapili mkewe, Margareta, aliutazama mkono wangu
kama samaki aliyechina.
Nikamwambia mchungaji: mazishi yajayo, mikate mia,
iliyobaki aoke mwingine.
Akakohoa. Akaandika.

Simu haijanyamaza kabisa, nisiseme uongo.

Aprili, tope la kufika magotini,
gari likasimama uani.
Abramu huingia kwangu kama upepo,
hufungua friji kabla ya salamu.
Siku hiyo nikasikia mgongo wa kidole juu ya ubao. Mara tatu.
Dirishani nikamwona:
sufuria yangu kifuani pake, imesuguliwa ikang'aa.

Nikamkumbuka Yule aliyeuumba mti wa mlango,
aliyewahi kupita milango imefungwa,
naye hadi leo husimama nje, hubisha,
komeo akamwachia mwenye nyumba.

Abramu alisema kitu, nadhani ni hodi.
Sauti ilikuwa ndogo.
Sikukimbia. Nilikausha mikono kwanza,
kidole kimoja kimoja.